Kware Asipopewa Chokaa Hutaga Mifupa Yake

Mweke kware jike kwenye mizani ya sonara. Atakupa gramu 150 au 160, na akiwa amenona atafika 180. Sasa kusanya maganda ya mayai yote aliyotaga kwa mwaka mmoja, yaoshe, yakaushe juani, kisha uyapime. Kama ni mtagaji mzuri wa mayai 280 kwa mwaka, maganda peke yake, bila ute wala kiini, yatakaribia gramu 240. Ndege huyu ametengeneza mawe yanayozidi uzito wa mwili wake mzima, na mawe hayo yote yamepita mdomoni mwake kama chakula. Kama hayakupita mdomoni, basi yamenyofolewa kwenye mifupa yake. Njia ya tatu haipo.

Ukikaa na wafugaji wa kware utasikia malalamiko yaleyale. Mayai yana ganda laini kama karatasi. Mayai yanapasuka kwenye trei kabla hayajafika sokoni. Majike yanalala ubavu asubuhi na hayanyanyuki. Utagaji ulipanda vizuri wiki za kwanza, kisha ukaanguka ghafla. Lawama hutupwa kila mahali: mbegu mbaya, upepo, ugonjwa usiojulikana, jicho la jirani. Mara nyingi jibu liko kwenye kiroba cha chakula kilichosimama kwenye kona ya banda.

Kware tunayemfuga kwa mayai anatoka Mashariki ya Mbali. Wataalamu humwita Coturnix japonica. Wajapani walimfuga kwa karne nyingi kwa ajili ya sauti yake, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kumchagua kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mayai. Mpaka leo Mkoa wa Aichi ndio kitovu cha mayai ya kware nchini Japani. Uchaguzi huo ulimbadilisha sana. Kware wa porini hutaga kiota kimoja cha mayai kumi hivi, anaacha, anaatamia. Huyu wa kwenye keji amesahau kuatamia. Anataga karibu kila siku tangu anapofikisha wiki 6 au 7. Mwenzake wa porini pia hutembea, hudonoa konokono wadogo, wadudu, changarawe na udongo, hivyo anajitafutia madini mwenyewe. Wa kwenye keji anakula unachomwekea tu. Kosa la mwenye banda yeye hana pa kulirekebishia.

Afrika Mashariki tulimpokea kwa kishindo. Mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014, Kenya ilishikwa na homa ya kware. Watu walipanga foleni kuomba leseni kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, kwa kuwa sheria ilimhesabu kware kama ndege wa porini, na yai moja liliuzwa kwa bei ambayo ungeweza kununulia mayai kadhaa ya kuku. Wauzaji walilitangaza kama dawa ya kisukari, presha, pumu na upungufu wa nguvu za kiume. Kisha soko likafurika, bei ikaporomoka, na wengi wakabaki na keji tupu na mikopo. Homa hiyo ilivuka mpaka ikaja Tanzania pia, ikaacha hadithi zinazofanana. Kwangu mimi, kejeli kubwa ya kipindi kile ni kwamba yai lilisifiwa kuwa ghala la madini kwa mwanadamu, wakati ndege aliyelitaga hakuna aliyemuuliza madini hayo anayatoa wapi. Waliobaki kwenye ufugaji huu leo ni wachache na watulivu zaidi, na ndio ninaowaandikia.

Hesabu ya siku moja

Chukua kalamu. Yai la kware lina uzito wa gramu 10 hadi 12. Ganda ni kama asilimia 8 ya uzito huo, tuseme gramu 0.85. Ganda hilo karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye jiwe la chokaa na gamba la chaza. Ukiondoa kaboneti, kalsiamu yenyewe ni asilimia 38 hivi. Kwa hiyo kila yai linaondoka na gramu 0.32 ya kalsiamu kutoka mwilini mwa ndege.

Upande wa mapato, kware mtagaji hula gramu 20 hadi 25 za chakula kwa siku. Tuchukue 22. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika viwango vyake vya mwaka 1994 ambavyo bado vinatumiwa na watengenezaji wengi wa vyakula vya ndege, lilitaka chakula cha kware mtagaji kiwe na kalsiamu asilimia 2.5. Gramu 22 za chakula hicho zinabeba gramu 0.55. Lakini utumbo hauchukui yote. Nusu au zaidi kidogo ndiyo inayofika kwenye damu, nyingine inatoka na kinyesi. Kinachobaki ni kati ya gramu 0.28 na 0.33.

Umeona ilivyobana? Hata kwa chakula kilichotengenezwa kwa kufuata kitabu, mapato na matumizi yanagusana pua kwa pua. Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi wanashauri asilimia 3 au zaidi kwa kware wanaotaga kwa kasi, hasa kwenye joto linalowafanya wale kidogo.

Sasa angalia yanayotokea kwenye mabanda yetu. Mfugaji ana kiroba cha chakula cha kukuzia kilichobaki, kware wameshaanza kutaga, anaona si vyema kukitupa. Chakula cha kukuzia kina kalsiamu asilimia 0.8 hadi 1. Gramu 22 zake zina gramu 0.2 hivi, na hapo hujatoa kinachopotea tumboni. Hata kama utumbo ungechukua kila chembe, isingetosha ganda moja. Kware ataendelea kutaga vizuri kwa siku kadhaa, na mwenye banda ataamini hakuna tatizo.

Au mfugaji ananunua chakula cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu ya asilimia 3.5 hivi, kisha anakiongeza pumba nusu kwa nusu ili kiroba kikae. Hapo kalsiamu inashuka hadi asilimia 1.8. Kware anapata gramu 0.4, inayonyonywa haizidi 0.24, na yai linadai 0.32. Kila siku anakopa karibu gramu 0.1 kutoka kwenye mifupa. Pumba imeokoa fedha kwenye chakula na kuzidai upya kwenye trei ya mayai.

Kwa chakula cha kuku wa mayai chenyewe, bila kuchakachua, kalsiamu si tatizo la kware. Tatizo ni protini: kuku anaridhika na asilimia 16 au 17, kware mtagaji anataka 20. Ukichanganya kilo 88 za chakula hicho na kilo 12 za mashudu ya soya yaliyosagwa, protini inapanda hadi karibu asilimia 20 na kalsiamu inabaki juu ya asilimia 3. Kwa mfugaji mdogo wa kware 100 au 200 asiyetaka kujitengenezea chakula kuanzia mwanzo, sijaona njia rahisi kuliko hiyo.

Usiku ndani ya kware

Kuku hutaga asubuhi. Kware ni tofauti: wengi wao hutaga kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 2 usiku. Muda mfupi baada ya yai kutoka, kiini kingine kinaachiliwa, kinashuka kwenye mrija wa mayai, kinavikwa ute na utando, na saa chache baadaye kinafika kwenye sehemu inayotengeneza ganda. Kwa hiyo ujenzi wa ganda unaanza usiku na kuendelea hadi mchana wa kesho yake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika taa zikiwa zimezimwa na ndege hali kitu.

Usiku huo kalsiamu inatoka wapi? Sehemu inatoka kwenye firigisi na utumbo, kama kuna chokaa iliyobaki ikiendelea kuyeyuka taratibu. Sehemu nyingine inatoka kwenye mfupa wa akiba. Wiki moja au mbili kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni inaamuru mifupa mirefu ya miguu ijazwe ndani, kwenye uwazi wa uboho, aina ya mfupa laini wenye sindanosindano, usiobeba uzito wowote. Ni ghala la kalsiamu tu, na dume halina kitu hicho. Jike hukopa humo usiku na kulipa mchana anapokula.

Deni likilipwa, hakuna shida. Lisipolipwa, mwili hausitishi yai mara moja. Unaanza kuchimba mfupa halisi, ule unaobeba mwili. Hapo ndipo majike yanapokutwa yamelala ubavu, miguu imenyooka, macho yako wazi na hamu ya kula ipo. Mfugaji anadhani ni mdondo. Mshike ndege huyo mkononi, upapase kidari chake: mfupa wa kidari unakunjika kama gegedu. Ukimchinja, mfupa wa paja unavunjika kwa vidole viwili. Wengine hufa yai likiwa limekwama ndani, kwa sababu misuli ya mrija wa mayai nayo inahitaji kalsiamu ili ibane na kusukuma.

Kuna mazoea mawili yanayotokana na saa hizo za usiku. La kwanza, chakula kisikosekane jioni. Vihori vikiwa vitupu saa 11 jioni hadi asubuhi, kware anajenga ganda kwa mkopo mtupu. Kwa wanaoongeza mwanga wa taa ili kufikisha saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku, saa hizo za taa ziwe za kula. La pili ni ukubwa wa chembe za chokaa. Chokaa iliyosagwa kama poda inapita tumboni haraka na kuisha mapema. Yenye chenga kiasi, mithili ya sukari ya mezani hadi punje ya mtama iliyopasuliwa, inakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha. Zile chenga kubwa zinazouzwa kwa ajili ya kuku ni kubwa mno kwa mdomo wa kware. Atazirusha pembeni, nawe utazikuta chini ya keji. Mchanganyiko wa poda na chenga ndogo unafaa zaidi.

Chokaa ipi?

Hapa watu wamepoteza ndege kwa kutoelewana tu na muuzaji. Chokaa ya kupaka nyumba imechomwa kwenye tanuri. Inaunguza mdomo na koo, na haifai kulishwa ndege. Inayotakiwa ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, linalouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Kuipima ni rahisi. Dondoshea siki au maji ya ndimu: ikitoa povu kwa nguvu, ni kalsiamu kaboneti. Ikikaa kimya, umeuziwa mchanga au vumbi la mawe. Ikitoa povu la kusinzia, huenda ina magnesiamu nyingi, nayo magnesiamu ikizidi inaharisha ndege na kudhoofisha ganda.

Wa pwani wana magamba ya chaza na kombe. Wa Kanda ya Ziwa wana makome ya ufukweni. Vyote ni kalsiamu nzuri, karibu sawa kabisa na jiwe la chokaa, mradi vioshwe chumvi na mchanga, vikaushwe na kusagwa. Maganda ya mayai ya nyumbani nayo yanafaa, lakini yachemshwe kwanza kuua vijidudu na yasagwe mpaka yasifanane tena na yai. Kware akizoea kudonoa kitu kinachofanana na ganda, kesho atadonoa yai zima, na tabia hiyo ikiingia kwenye keji haitoki.

Kwa anayechanganya chakula mwenyewe cha mahindi na soya, kilo 6 za chokaa na kilo 1.5 za DCP (dikalsiamu fosfeti) kwa kila kilo 100 za chakula zinakufikisha kwenye kalsiamu ya asilimia 2.7 hivi. Ukitaka asilimia 3, ongeza chokaa hadi karibu kilo 7. Nikikumbuka kwamba chokaa ndiyo kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwenye mchanganyiko huo, sielewi kwa nini ndiyo inayopunjwa kwanza.

Na isizidi pia. Ukivuka sana asilimia 4, ndege anaanza kukataa chakula, na kalsiamu ya ziada inafunga fosforasi na zinki zisinyonywe. Vifaranga ndio wako kwenye hatari kubwa. Mpaka wiki ya 5 hivi mahitaji yao ni asilimia 0.8 tu, na kuwalisha chakula cha watagaji ili wawahi kutaga huziumiza figo zao. Ukiwapasua waliokufa unakuta figo zimevimba na unga mweupe umetanda juu ya moyo na ini. Badilisha chakula unapoona mayai ya kwanza au siku chache kabla, si mapema zaidi. Madume yanayokaa na majike keji moja yanaweza kula chakula chao bila madhara ya kutisha.

Fosforasi iliyofungiwa

DCP niliyoitaja inaleta kalsiamu kiasi, lakini inawekwa kwa ajili ya fosforasi. Bila fosforasi kalsiamu haiwezi kujenga mfupa, na mfupa ndio ghala. Ukisoma jedwali la vyakula utaona pumba za mahindi na za ngano zimejaa fosforasi, ukafurahi. Usifurahi. Karibu theluthi mbili ya fosforasi ya nafaka na mbegu imefungwa kwenye kitu kinachoitwa faitati, na tumbo la ndege halina kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Inaingia na kutoka. Mbaya zaidi, faitati hiyohiyo inashika zinki na kalsiamu njiani na kutoka nazo. Ndiyo sababu nyingine ya kuogopa pumba nyingi. Kimeng'enya cha kufungua faitati kinauzwa, na viwanda vikubwa vinakitumia, lakini kwa mchanganyaji wa nyumbani njia ya uhakika bado ni DCP, unga wa mifupa au dagaa.

Dagaa wanastahili neno lao. Dagaa wa Ziwa Victoria wana protini nzuri, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao wanaleta kalsiamu na fosforasi inayonyonywa vizuri. Wengi wao, hata hivyo, huanikwa juu ya mchanga, na mchanga ule unapimwa pamoja nao. Chukua kiganja cha dagaa waliosagwa, kitie kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Kinachotulia chini kikikwaruza glasi ndicho ulicholipia bila kulishia. Ukitumia dagaa safi kwa wingi, punguza DCP. Usirundike vyote viwili. Unga wa mifupa nao uwe umechemshwa kwa mvuke, kwa sababu wa kienyeji uliochomwa juujuu unaweza kubeba vimelea.

Kaskazini mwa Tanzania kuna jaribu jingine, mwamba wa fosfeti wa Minjingu. Ni mbolea nzuri ya shambani. Lakini mwamba wa fosfeti ambao haujaondolewa floridi haufai kuwa chakula cha kila siku cha ndege, kwa maana floridi inarundikana kwenye mifupa na kuiharibu, na maji ya sehemu nyingi za ukanda ule tayari yana floridi ya kutosha.

Yanayopimwa kwa chembe

Baada ya kalsiamu na fosforasi, madini mengine yanahitajika kidogo mno. Kwa kilo moja ya chakula cha kware mtagaji, viwango vya 1994 vinataka manganizi miligramu 60, chuma 60, zinki 50, shaba 5, madini joto 0.3 na seleniamu 0.2. Seleniamu ya tani nzima ya chakula ni gramu 0.2. Hakuna mtu anayeweza kupima hiyo kwa kijiko, na seleniamu ikizidi ni sumu. Kwa hiyo nunua premiksi ya watagaji, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini, soma lebo, uweke kama ilivyoandikwa. Usiimwage moja kwa moja kwenye rundo la chakula. Ichanganye kwanza na kilo mbili tatu za unga wa mahindi, kisha unga huo na kilo 20, ndipo uingie kwenye rundo kubwa na sepeto. Vinginevyo kware wa keji moja atapata yote na wa keji ya pili hatapata hata chembe.

Ukubwa wa kazi ya madini haya haulingani na uzito wake. Kimeng'enya kinachotengeneza kaboneti ya ganda kimebeba zinki katikati yake. Bila zinki, hata kalsiamu ijae kwenye damu, ganda haliungani inavyopaswa. Manganizi inahitajika kwa ule mtandao wa protini ambao fuwele za ganda hujishikiza juu yake, na ikipungua kwa wazazi au vifaranga unaona miguu iliyopinda goti. Shaba inasaidia kusuka utando wa chini ya ganda. Upungufu wa seleniamu na madini joto unaonekana zaidi kwa anayetotolesha: mayai yana mbegu lakini vifaranga vinafia ndani.

Vitamini D3 si madini, ila haiwezi kuachwa nje ya habari hii. Ndiyo inayofungua mlango wa utumbo ili kalsiamu ipite. Ndege wa nje anajitengenezea kwa jua linalopiga ngozi yake. Kware wa chumba cha ndani, nyuma ya dirisha la kioo, hajitengenezei kitu, kwa sababu kioo kinazuia miale inayohitajika. Premiksi iliyokaa mwaka mzima dukani juani inaweza kuwa na lebo nzuri na vitamini iliyokufa. Kabla ya kununua angalia tarehe, na angalia pia mahali ilipowekwa.

Chumvi ya kawaida, gramu 300 kwa kilo 100 za chakula, inatosha. Ikikosekana ndege wanadonoana hadi kutoana damu na utagaji unashuka. Ikizidi wanakunywa maji mno na kinyesi kinakuwa maji. Wafugaji wa Dar es Salaam na miji ya pwani wanaotumia visima vya maji ya chumvi wawe macho: maji ya chumvi hudhoofisha ganda hata chakula kikiwa kamili, na tatizo hilo halitibiwi kwa kuongeza chokaa. Onja maji. Ukiyasikia chumvi mdomoni, tafuta maji mengine ya watagaji na upunguze chumvi ya kwenye chakula.

Joto nalo lina lake. Mwezi wa Januari na Februari, kware wa pwani wanahema midomo wazi tangu saa 5 asubuhi. Kuhema huko kunatoa hewa ya kaboni nyingi kutoka kwenye damu, na hewa hiyo ndiyo nusu ya pili ya kalsiamu kaboneti. Wanakula kidogo, wanapoteza kaboni, maganda yanakuwa membamba. Maji ya baridi yaliyobadilishwa mchana, paa lenye kivuli na upepo unaopita vinaokoa mayai mengi kuliko chupa yoyote ya vitamini za maji. Chupa hizo wengi wanazinunua ganda linapolegea. Soma kilichoandikwa: nyingi zina vitamini tele na kalsiamu ya kuonja.

Kupima bila maabara

Yai la kware lina madoa, na kila jike lina michoro yake inayojirudia kutoka yai hadi yai. Mwenye banda anayetazama vizuri anaweza kujua yai hili limetoka kwa nani. Madoa hupakwa saa chache za mwisho kabla ya yai kutoka. Ukiona jike aliyekuwa na madoa meusi makubwa sasa anataga mayai yaliyopauka, kuna kitu kimemsumbua: hofu ya paka, kelele, joto au ugonjwa. Kwa hiyo rangi peke yake haikuambii habari za kalsiamu. Ganda linakuambia. Chukua maganda 10 ya mayai yaliyopasuliwa siku moja, yasuuze, yaanike mpaka yawe makavu kabisa, yapime pamoja. Yakifika gramu 8 hadi 9, uko vizuri. Yakishuka chini ya 7 wakati mayai yana ukubwa wa kawaida, chakula au maji yana kasoro. Fanya hivyo kila mwezi na uandike ukutani. Daftari la gharama bila kipimo hicho linaeleza nusu ya biashara.

Mwenye uwezo apeleke sampuli ya chakula maabara. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hupima vyakula vya mifugo. Kipimo cha kalsiamu, fosforasi na protini kwa mfugaji wa kware 1,000 ni gharama ndogo kuliko trei anazotupa. Wenye kware 50 wanaweza kuchangishana, hasa kama wananunua kwa mchanganyaji mmoja.

Na kwa wachanganyaji na wenye maduka: Tanzania ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo tangu mwaka 2010, na bado viroba vingi mtaani vimeandikwa jina la ndege na uzito tu. Andikeni asilimia ya protini, kalsiamu na fosforasi kwenye kila kiroba, pamoja na tarehe ya kuchanganywa. Nawe mfugaji, kiroba kisicho na namba hizo tatu usikinunue kwa ajili ya kware anayetaga.